Mipango ya Taifa ya Kuondoa Umaskini na Mizani ya Mkulima

Kurasa nyingine za kitabu hiki zaeleza habari za Chama Kikuu chetu katika miaka hii kumi: vyama vya msingi vilivyojiunga, maghala, minada, na wazee waliotangulia. Mimi nimepewa kazi nyingine, nayo ni kueleza jinsi Taifa letu lilivyopanga, na jinsi lilivyotekeleza, mipango yake ya kupunguza umaskini. Huenda mwanachama akauliza, habari hiyo yahusu nini ushirika wa korosho na ufuta? Yahusu sana. Katika nchi ambayo watu wake walio wengi huishi kwa jembe, kila mpango wa kuondoa umaskini ni mpango juu ya zao la mkulima, hata kama walioutunga hawakukusudia hivyo: nani atalipima, nani atalinunua, na nani atakata nini kabla fedha haijafika mkononi mwa mwenyewe. Mipango iliyosahau jambo hilo ilijenga mengi mema, lakini ilipita kando ya mfuko wa mkulima.

Sisi watu wa kusini tulionja mpango mkubwa hata kabla ya Uhuru. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, reli ikatandikwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikajengwa. Zilitumika pauni zipatazo milioni 36, na mwezi wa Januari 1951 mradi ukaachwa. Mradi ule haukuwa wa kuondoa umaskini wa Mtanganyika. Ulikuwa wa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Lakini yafaa tuutaje, kwa kuwa ulikuwa na kasoro ambayo tutaikuta tena mbele. Hesabu zilifanywa mbali. Udongo na mvua havikupimwa vya kutosha, na wenyeji waliokuwa wakilima karanga zao miaka yote hawakuulizwa neno. Reli baadaye iling'olewa. Bandari ilibaki, na hapo ndipo korosho zetu hupakiwa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere na wenzake walitaja maadui watatu wa Taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Mpango wa kwanza, wa miaka mitatu, ulitegemea zaidi taarifa ya wajumbe wa Benki ya Dunia waliozuru nchi kabla ya Uhuru. Ndipo mwaka wa 1964 ukaja Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ambao ulithubutu kuangalia mbali mpaka mwaka wa 1980. Ulikusudia wastani wa pato la mtu mmoja upande kutoka pauni 19 na shilingi 12 kwa mwaka hadi pauni 45. Nchi ijitosheleze kwa wataalamu. Na umri wa kuishi, uliokuwa kati ya miaka 35 na 40, ufike miaka 50. Malengo hayo yalikuwa machache na ya wazi, kiasi kwamba mtu aliweza kuyashika kichwani. Mipango mingi iliyofuata haikuwa na sifa hiyo.

Udhaifu wake ulikuwa katika fedha. Sehemu kubwa ya fedha za maendeleo ilitarajiwa kutoka nchi za nje, na mwaka wa 1965 Tanzania ikafarakana na Ujerumani ya Magharibi kwa ajili ya uwakilishi wa Ujerumani ya Mashariki, kisha na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Misaada na mikopo iliyotarajiwa ikazuiliwa. Bei ya katani, iliyokuwa nguzo ya mauzo yetu ya nje, nayo ikaporomoka. Makazi mapya ya wakulima, yaliyopangwa kuendeshwa kwa mashine za gharama kubwa, yakaachwa mwaka wa 1966. Kwa hiyo Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, halikuanguka kutoka mbinguni. Lilitoka katika hesabu chungu za miaka mitatu iliyotangulia. Watu wengi hukumbuka zaidi habari za mabenki na viwanda kutwaliwa. Wakulima twapaswa kukumbuka sehemu nyingine: Azimio lilionya kwamba mikopo inayojenga miji hulipwa kwa mazao yanayouzwa nje, yaani kwa jasho la mtu wa shamba, ambaye pengine hatapata faida ya kile kilichojengwa.

Wakati huo ushirika ulikuwa umeenea. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa wamejenga chama chao kikuu tangu miaka ya 1930, na wale wa pamba katika Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1950. Kufikia mwaka wa 1966 kulikuwa na vyama vilivyoandikishwa zaidi ya 1,500. Vingi viliundwa kwa haraka, mahali pengine kwa msukumo wa Serikali na si kwa haja ya wakulima wenyewe, na mwaka huo Tume ya Rais ilipochunguza ilikuta malalamiko ambayo wanachama wa leo watayatambua bila kuelezwa: mizani isiyo ya kweli, makato yasiyofahamika, watumishi wasio na ujuzi, na kazi kupewa jamaa. Serikali ikazidi kuvishika vyama mkono. Mkono ule, kwa bahati mbaya, haukujua wakati wa kuachia.

Katika huduma, miaka ya 1970 ilikuwa na matunda ambayo hayapasi kudharauliwa. Mwaka wa 1971 ulitungwa mpango wa miaka ishirini wa kuwapatia watu wa vijijini maji safi. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka wa 1973 iliingia vijijini kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma, watu wakachimba vyoo kwa wingi. Mwaka wa 1977 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya watoto wote. Wakati wa sensa ya mwaka wa 1967 watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi moja; kwa hesabu za Serikali, katikati ya miaka ya 1980 walikuwa kama asilimia 90. Nchi chache za Afrika ziliweza kufanya hivyo kwa utajiri mdogo kama wetu.

Lakini ni nani aliyekuwa akilipia? Ni lile lile zao. Na zao lilikuwa likifa.

Mwaka wa 1972 Halmashauri za Wilaya zilivunjwa, kazi zikahamishiwa kwa maofisa waliotumwa mikoani. Kati ya mwaka wa 1973 na 1976 wakulima walihamishiwa vijiji vipya, wengi kwa nguvu. Sheria ya mwaka wa 1975 ikafanya kila kijiji kuwa ni chama cha ushirika chenyewe, na mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Malori, viwanda na maghala yaliyonunuliwa kwa makato ya wakulima yakaenda kwa mamlaka za mazao. Mamlaka hizo ziliendeshwa kwa mikopo ya benki ya Serikali. Zilipopata hasara, hasara ikawa deni la Taifa, na mkulima akalipwa kwa kuchelewa, au kwa karatasi ya ahadi.

Tuangalie korosho, maana hiyo twaijua. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani zisizofika 17,000. Ugonjwa wa ubwiri unga una sehemu yake katika anguko hilo, wala haifai kuuficha. Lakini mikorosho mingi ilikuwa imeachwa mbali na vijiji vipya, mwenye shamba akiwa na safari ya saa nyingi kwenda kupalilia, na bei aliyolipwa haikumpa sababu ya kwenda. Mti usiopaliliwa huungua kwa moto wa nyika, na huugua kwanza. Mwaka wa 1984, akihojiwa kabla ya kung'atuka, Mwalimu Nyerere alitaja kuvunjwa kwa serikali za mitaa na kwa vyama vya ushirika kuwa ni makosa ambayo asingeyarudia. Sheria ya mwaka wa 1982 ilikuwa imekwisha kuvirudisha vyama, navyo vikaanza upya. Ila vilirudi bila mali zao nyingi, na bila imani ya wanachama, ambayo haitungiwi sheria.

Juu ya miaka ya shida sitasema mengi. Mafuta yalipanda bei mara mbili, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka wa 1978, sabuni na sukari zikawa hadithi. Mwaka wa 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ikashushwa thamani, wananchi wakaanza kuchangia gharama za shule na hospitali, na kuanzia mwaka wa 1993 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa, pamba na korosho. Mkulima alifurahi kulipwa taslimu. Vyama vikuu, vyenye madeni ya zamani, havikuweza kushindana, na yule mnunuzi wa taslimu, alipoona hana mshindani kijijini, akapanga bei yake.

Hapo ndipo neno lenyewe, "mkakati wa kupunguza umaskini", linapoingia katika historia yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa Mkakati wa Taifa wa Kuondoa Umaskini, ukiwa na shabaha ya kupunguza umaskini uliokithiri kwa nusu ifikapo mwaka wa 2010 na kuumaliza ifikapo 2025. Dira ya Maendeleo ya 2025 ikafuata. Hayo yalikuwa ya kwetu. Kisha Benki ya Dunia na Shirika la Fedha zikaweka sharti jipya: nchi yenye deni kubwa, ikitaka kusamehewa, iandike yenyewe waraka wa jinsi itakavyopunguza umaskini, na iuandike baada ya kuwauliza watu wake. Waraka wa Tanzania ulitoka mwezi wa Oktoba 2000. Mnamo Novemba 2001 nchi ilipata msamaha wa deni wenye thamani ya dola za Marekani zaidi ya bilioni 2.

Watu waliulizwaje? Kulifanyika semina fupi katika kanda saba, mwezi wa Mei 2000. Mtu aliyewahi kuongoza mkutano mkuu wa chama cha msingi, ambako hesabu ya magunia peke yake hula asubuhi nzima, ataelewa ni maneno mangapi ya wakulima wa nchi nzima yaliweza kusemwa hapo. Haraka ilikuwa na sababu, kwa kuwa deni lilikuwa likimeza fedha za dawa na madaftari. Hata hivyo haraka ina gharama zake.

Fedha zilizookolewa zilielekezwa katika mambo yaliyochaguliwa: elimu ya msingi, afya, maji, barabara za vijijini, mahakama, vita dhidi ya UKIMWI, na katika kilimo, utafiti na ugani. Elimu ikaenda mbio. Ada ya shule ya msingi ikafutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka wa 2002, na watoto wenye umri wa shule walioandikishwa wakapanda kutoka asilimia 59 mwaka wa 2000 hadi asilimia 97 mwaka wa 2007. Madarasa yalijaa kupita kiasi na walimu walikuwa wachache, lakini yalijengwa, kila mtu aliyaona.

Kwa nini kilimo hakikwenda hivyo? Nadhani sababu kubwa ni hii: darasa lahesabika. Shule ina mwalimu mkuu, ina kamati, ina hesabu yake benki. Fedha ikitoka Hazina ina mahali pa kufikia. Mkulima wa korosho alikuwa na nini cha namna hiyo mwaka wa 2001? Chama chake kilikuwa dhaifu au hakikuwapo. Na bei ya zao lake haikupangwa Dodoma wala Dar es Salaam. Waraka ule ukiwa bado mpya, bei ya kahawa duniani ilishuka mwaka wa 2001 chini ya senti 50 za dola kwa ratili, na korosho nayo ilianguka baada ya msimu wa 1999/2000. Waraka wa kupunguza umaskini wa wakulima haukuwa na neno la kutosha juu ya siku ambayo bei huanguka.

Jambo moja jema la mkakati ule lilikuwa kupima. Katika uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa 2000/01 zilihojiwa kaya zaidi ya 22,000, kila moja ikiandika katika daftari kilichonunuliwa na kilicholiwa kwa mwezi mzima. Mtu mzima aliyetumia chini ya shilingi 7,253 kwa siku 28 alihesabiwa kuwa hapati mahitaji ya lazima. Kwa kipimo hicho watu 36 katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa maskini, na vijijini 39. Kuanzia hapo hapakuwa tena na nafasi ya kubishana kwa maneno matupu.

Mwaka wa 2005 ulikuja mkakati wa pili, ambao wengi waujua kwa jina la MKUKUTA, yaani Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania. Safari hii wananchi waliulizwa vizuri zaidi; maoni yalichukuliwa katika vijiji 168, na ukuaji wa uchumi ukawekwa mbele pamoja na huduma na utawala bora. Shabaha ilikuwa umaskini wa vijijini ushuke hadi asilimia 24 ifikapo mwaka wa 2010. Uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7 kwa mwaka. Uchunguzi wa mwaka wa 2007 ulipotoka, umaskini wa vijijini ulikuwa bado asilimia kama 38. Uchumi ulikuwa umekua katika madini, simu, mabenki na ujenzi, na mkulima alibaki pale pale. Watu walipoongezeka, idadi ya maskini iliongezeka nayo.

Haifai kusema hapakutendeka kitu. Mwaka wa 2003 kodi ya maendeleo, mrithi wa kodi ya kichwa, ilifutwa, na ushuru wa mazao ukawekewa mpaka wa asilimia 5. Mwaka wa 2017 ukashushwa tena, asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mwaka wa 2003 vilevile lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Aliyewahi kulala kandokando ya mto ule akingoja pantoni hahitaji kuelezwa lile daraja lilipunguza umaskini wa nani.

Lakini kwa sisi wakulima wa korosho, sheria iliyogusa mizani ni ile ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka wa 2005, iliyoanza kutumika katika korosho za kusini msimu wa 2007/08. Mkulima apeleka korosho kwenye chama cha msingi, zapimwa, zahifadhiwa ghalani, na mnunuzi azinunua kwa mnada mbele ya watu. Hapo ushirika ulipata kazi upya, na Taifa likapata mahali pa kuufikishia mpango wake. Mwanzoni malipo yalikuwa kwa awamu: malipo ya awali kwa mkopo wa benki, kisha masalio baada ya mnada. Masalio yalipopungua au kukosekana, hasira ililipuka. Aprili 2013 huko Liwale nyumba za viongozi zilichomwa moto. Mkulima aliahidiwa, akahesabu, akakopa kwa hesabu hiyo, na asilipwe. Kwake huo ndio umaskini, hata kama vitabu vya Serikali huutaja kwa majina mengine.

Vilevile mkulima maskini hauzi wakati unaomfaa. Katika miezi ya njaa, mvua zikiwa bado mashambani, mtu wa kangomba huja na kipimo chake na fedha kidogo, akanunua korosho zingali mtini. Twawalaumu wauzaji kila mkutano mkuu. Yafaa tuulize pia chama kiliwapa nini mwezi ule. Msimu wa 2017/18 nchi ilipata tani zaidi ya 313,000, mavuno ambayo hayakuwahi kuonekana, kwa bei nzuri; msimu uliofuata wanunuzi walitaja bei ndogo, wakulima wakakataa, na mwezi wa Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, ila uhakiki wa wakulima ulichukua miezi, na wengine waliingia msimu wa palizi bila kulipwa.

MKUKUTA wa pili ulianza mwaka wa 2010. Baadaye kazi yake iliingizwa katika Mipango ya Maendeleo ya Miaka Mitano, ikatiliwa mkazo juu ya viwanda, na kaya zilizo maskini sana zikawa zinapewa ruzuku kupitia TASAF. Uchunguzi wa 2011/12 ulionyesha umaskini wa Tanzania Bara umeshuka hadi asilimia 28. Ule wa 2017/18, asilimia 26.4, vijijini 31.3 na mijini 15.8. Tofauti hiyo ya kijiji na mji ndiyo sehemu ya hesabu ambayo mipango yote tangu 1964 haijaifuta.

Dira ya 2025 imefika mwisho wake, na mwezi wa Julai 2025 ilizinduliwa Dira ya 2050, inayotaja pato la dola 7,000 kwa kila mtu. Mapema mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika, ambayo wanaushirika walikuwa wakiidai kwa miaka mingi. Wajumbe wa Bodi yetu watakapokwenda kuzungumza nayo, jambo la kwanza la kupeleka ni mkopo wa miezi ya njaa: kiasi gani kwa mkulima, kwa dhamana ya mikorosho yake na ya chama chake cha msingi, na kwa riba ipi, ili mwezi wa Agosti utakapofika mtu wa kangomba asikute mwenye shida.